Kwa Nini Hakukimbia?

Mlinzi wa ghala moja la vyakula, katika mtaa tuliokuwa tukikaa zamani, aliuawa usiku wa manane na watu waliokuja kuiba magunia ya sukari, nami nilikuwa miongoni mwa majirani waliokwenda kukaa matangani kwake kwa siku tatu kama desturi yetu itakavyo. Alikuwa mtu mzima aliyekaribia umri wa miaka sitini, mpole, mwenye kikohozi kisichomwacha, ambaye silaha yake ilikuwa rungu, na mwanga wake ulikuwa kurunzi ambayo betri zake alizinunua kwa fedha yake mwenyewe. Lilijulikana mtaani kote, maana alilisema kila alipopata msikilizaji, kwamba mara tatu katika mwaka ule alimwomba tajiri wake mambo mawili: taa moja juu ya mlango wa nyuma wa ghala, na mwenzi wa zamu katika siku za mwisho wa mwezi, wakati shehena huwa kubwa na habari zake zimekwisha kuenea, na mara zote tatu aliahidiwa. Tajiri huyo hakuwa mtu muovu. Alikuja matangani, akalia machozi ambayo sikuyashuku siku ile wala siyashuku leo, akanunua sanda, akaleta gunia la mchele, akatoa ubani uliozidi wa kila mtu, akaketi mkekani pamoja nasi mpaka jua likachwa.

Katika mazungumzo ya jioni ile mgeni mmoja, mtu wa safari aliyekuwa hamjui marehemu ila kwa jina, aliuliza kwa nia njema kabisa, "Lakini kwa nini hakukimbia?" Dada wa marehemu, bi kizee ambaye wakati ule alikuwa amesimama kizingitini akipokea sinia ya vikombe vya kahawa, alimjibu bila ya kuinua sauti, "Angekimbia, mwanangu, asubuhi angeulizwa kwa nini hakukaa." Hapana aliyeongeza neno. Taa ya mlango wa nyuma ilitundikwa kabla ya arobaini kufika, na fundi aliyeitundika aliniambia gharama yake, pamoja na waya na ujira wake, nayo haikufika nusu ya fedha iliyotumika matangani.

Miaka mingi imepita, na jibu la bibi yule halijaniacha, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo wanasheria wa siku hizi hulijadili kwa maneno ya vifungu na kanuni, lakini ambalo asili yake ni swali la dini na la falsafa: mtu ataulizwaje kwa damu iliyomwagwa na mkono usio wake? Nasema kwamba swali ni zito, wala halifai kujibiwa kwa hasira dhidi ya matajiri, maana msingi wa kwanza wa uadilifu katika dini za Kitabu ni kwamba kila nafsi huchukua mzigo wake na haichukui mzigo wa nafsi nyingine. Kurani imelikariri jambo hilo mahali pengi, na nabii Ezekieli, katika mlango wa 18 wa kitabu chake, aliwakataza watu wa zama zake kusema kwamba watoto huteswa kwa makosa ya baba zao. Basi ikiwa baba hauliziwi dhambi ya mwanawe wa kumzaa, kwa haki gani tajiri aulizwe dhambi ya mwizi asiyemjua, aliyeruka ukuta wake usiku, na ambaye huyo tajiri mwenyewe alimwajiri mtu kwa ajili ya kumzuia?

Wa kale walilikuta swali hili kabla yetu, na walilikuta katika zizi la ng'ombe. Katika jiwe jeusi la sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, lililochongwa yapata miaka 3,750 iliyopita na ambalo leo limewekwa katika makumbusho ya Louvre mjini Paris, imeandikwa kwamba fahali akipita njiani akampiga mtu pembe akamwua, mwenye fahali hana lawama. Lakini ikiwa fahali huyo alikwisha kujulikana kuwa ana tabia ya kupiga pembe, na wazee wa mtaa walikwisha kumwarifu mwenyewe, naye asimfunge wala asizizibe pembe zake, basi akiua mtu huru mwenyewe atalipa nusu mina ya fedha. Torati, katika mlango wa 21 wa Kutoka, imehukumu kwa mantiki hiyo hiyo na kwa ukali uliozidi, maana baada ya onyo uhai wa mwenye fahali wenyewe huingia hatarini. Na hapa pwani kwetu, ambapo Minhaj, kitabu cha fikihi cha Imamu Nawawi, kimesomwa vizazi kwa vizazi na wanafunzi wa madhehebu ya Shafii, yumo paka mwenye mazoea ya kula ndege wa watu: bwana wake hudhamini alichokila, ikawa ni mchana au usiku, ilhali paka asiyejulikana kwa tabia hiyo hadaiwi mtu kwa ajili yake. Nampenda sana paka huyu, kwa kuwa anaonyesha kwamba mafakihi hawakungoja mpaka mtu afe ndipo waifikiri dhamana, bali waliifikiri katika kuku na njiwa wa jirani.

Jambo ambalo fahali na paka wanatufundisha ni kwamba dhamana huzaliwa na ujuzi. Kabla ya onyo, msiba ni msiba. Baada ya onyo, msiba umepata mlango, na mlango una mwenyewe. Mahakama moja ya Uingereza ilifika hapo hapo mwaka 1957, katika daawa ya mfanyakazi mlemavu aliyeumizwa na mwenziwe wa karakana ambaye kwa takriban miaka minne alikuwa akiwatega wenzake miguu na kuwafanyia mizaha ya mikono, akikemewa mara kwa mara na msimamizi, kisha akiachwa aendelee. Waajiri walisema kwamba hawakumtuma mtu huyo kufanya mzaha. Jaji akawaambia kwamba mtu ambaye tabia yake imejulikana kuwa hatari kwa wenziwe ni sawa na mtambo mbovu, na wajibu wa mwajiri ni kuiondoa hatari hiyo, kwa kumrudi yule mtu au kwa kumwachisha kazi. Sidhani kwamba jaji yule alikuwa anamfikiria fahali wa Babeli, lakini ni yule yule.

Hapana shaka atatokea mtu aseme kwamba binadamu si fahali, na kwamba kumlinganisha mwizi na mnyama ni kumvua ile hiari ambayo kwayo atahukumiwa mbele ya Mungu. Ni kweli, nami naishika hoja hii kwa mikono miwili, maana ndiyo itakayotutoa katika ule utata wa mzigo wa nafsi nyingine. Mwizi atabeba dhambi yake nzima, haitapunguzwa hata chembe kwa kuwa ghala lilikuwa giza. Wala tajiri hapewi kipande cha dhambi ile akisaidie kukibeba. Yeye ana hesabu nyingine, yake peke yake, ambayo mwizi hana fungu ndani yake: aliombwa taa mara tatu. Siku ya hesabu, nadhani, hataulizwa ni nani aliyeua, kwa kuwa hilo litakuwa limekwisha kujulikana. Ataulizwa taa iligharimu nini. Kwa hivyo wale wasemao kwamba sheria za siku hizi humwadhibu mwajiri kwa kosa la mwingine hawajaitazama sheria vizuri. Kosa ni lake, nalo ni kosa la kuacha, ambalo halina kelele kama kosa la kutenda, na kwa ajili hiyo aghalabu hupita bila ya kuonekana.

Walakini ujuzi peke yake hautoshi kuizaa dhamana, na hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu. Mtaa mzima ulijua kwamba mlango wa nyuma ulikuwa giza. Mimi nilijua, muuza kahawa alijua, imamu wa msikiti wa jirani alijua, maana marehemu alimwambia. Ikiwa kujua ndiko kunakomfunga mtu, basi tulifungwa sote, na dhamana iliyogawanywa kwa watu wote huwa haina wa kuidai. Kitu gani basi alichokuwa nacho tajiri ambacho sisi hatukuwa nacho? Zamani nilijibu kwamba alikuwa na mali, na jibu hilo si la kukataliwa lote, lakini tajiri mwingine mwenye mali kumzidi alikuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka ghalani, na sikuona kwamba deni lile lilikuwa lake. Jibu nililolipata baadaye nililipata katika maneno ya bibi wa kizingitini.

Kila kiumbe chenye uhai kimepewa na Muumba wake njia ya kujiokoa, na iliyo ya kwanza katika njia hizo, kabla ya pembe, meno, hila na silaha, ni kuondoka. Swala huondoka, ndege huondoka, mtoto asiyejua kusema huivuta mikono yake mbali na moto. Mtu huru apitaye njia ya giza akasikia mchakacho nyuma ya ukuta hugeuza njia, wala hamwombi mtu ruhusa. Mwajiriwa hana hilo. Saa alizouza si saa tupu. Ameuza pamoja nazo ule uwezo wa kugeuza njia, kwa kuwa maana yenyewe ya kuajiriwa ni kuwa mahali fulani kwa amri ya mwingine, ukiwa unapapenda au hupapendi, na kubaki hapo mpaka mwenye amri aseme basi. Muuguzi hawezi kuikimbia wodi kwa kuwa jamaa wa mgonjwa ameingia akipiga kelele na kurusha ngumi. Kondakta hawezi kuliruka basi. Mwuza duka hawezi kuliacha sanduku la fedha. Basi yeye aliyeununua uwezo huo wa kuondoka, akautia katika faida yake, hawezi kusema kwamba hatari iliyomkuta mtu mahali pale haimhusu. Hifadhi ambayo maumbile yalimpa mtu, na ambayo mwajiri ameichukua kwa ujira, yampasa mwajiri amrudishie kwa sura nyingine: taa, mwenzi, ukuta, filimbi, utaratibu, mlango wa dharura, na zaidi ya yote sikio lisikialo onyo la mara ya kwanza. Jambo hili silihesabu katika ihsani. Ihsani ni mchele wa matangani. Taa ilikuwa sehemu ya bei.

Historia yetu wenyewe inashuhudia kwamba kilichonunuliwa kilikuwa ni hicho hasa. Katika himaya ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki, nchi ambayo leo ni Kenya, ilitungwa mwaka 1906 Sheria ya Mabwana na Watumishi, ambayo ilimfanya mwajiriwa aliyeiacha kazi yake kabla ya muda kuwa mhalifu wa jinai, astahiliye faini au kifungo. Na baada ya Vita Kuu ya kwanza kikaongezwa kipande, ile karatasi ya alama za vidole iliyotiwa katika kikasha cha bati na kutundikwa shingoni, ili mwenye kutoroka aweze kufuatwa mpaka kwao. Upande wa Tanganyika, enzi ya Wajerumani, wazee walikuwa wakiitaja adhabu ya mtumishi kwa idadi yake tu, hamsa ishirini, na kila msikilizaji alijua kwamba vinavyohesabiwa ni viboko. Sheria hizo ziliufunga mlango wa kuondoka, wala hazikumpa aliyefungiwa kitu badala yake.

Kisa cha Kitosh ndicho kinachonionyesha mwisho wa njia hiyo. Mwaka 1923, katika mashamba ya walowezi wa nyanda za juu za Kenya, kijana huyo alirudi na farasi jike wa bwana wake akiwa amempanda, ilhali aliagizwa amwongoze kwa miguu. Kwa kosa hilo bwana wake alimpiga viboko, akafungwa kamba akawekwa stoo, na usiku ule akafariki. Kesi ilisikilizwa Nakuru mbele ya baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa Wazungu, na katika ushahidi yakatolewa maneno ya waganga kwamba kijana yule alikuwa ametaka kufa, na kwamba kutaka kwake kulikuwa miongoni mwa sababu za kifo chake. Bwana hakupatikana na hatia ya kuua. Alipatikana na hatia ya kudhuru vibaya, akafungwa miaka 2. Karen Blixen, mwandishi Mdenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, amekisimulia kisa hiki katika kitabu chake, na kwa moyo wa huruma aliona katika kufa kule uhuru wa viumbe wa mwituni ambao hujiendea wapendapo pasipo mtu kuweza kuwashika. Namheshimu mwandishi huyo, lakini hapa siwezi kwenda naye. Kijana aliyefungwa kamba ndani ya stoo hakuwa na pa kujiendea, na kukiita kifo chake uhuru ni kumsaidia bila kukusudia yule aliyeifunga kamba. Tena nayaona maneno ya waganga wale kuwa ni ndugu wa swali la mgeni wetu wa matangani, maana yote mawili humwuliza marehemu, katika saa ambayo hawezi kujibu, yeye alifanya nini katika kufa kwake.

Nimesema kwamba tajiri wa ghala hakuwa muovu, na sasa nitaje neno alilojikinga nalo, kwa sababu ni neno la wacha Mungu na lahitaji kujibiwa kwa adabu. Alisema kwamba ajali haina kinga, na kwamba siku ya mtu ikifika taa haiirudishi nyuma. Siku ya mtu iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, hilo silibishi. Lakini wanazuoni wamepokea kwamba Khalifa Umar, alipokuwa akielekea Shamu pamoja na watu wake, alipokewa njiani kwa habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile, akafanya shauri na wazee wa Kikureishi, akaamua kuwarudisha watu Madina. Abu Ubaida, sahaba mkubwa na amiri wa majeshi, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba wanaiondokea kadari ya Mungu waende katika kadari ya Mungu, kisha akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, mmoja wa majani na mwingine mkavu: akiwalisha penye majani amewalisha kwa kadari, na akiwalisha pakavu amewalisha kwa kadari vile vile. Ajabu ya mfano huu, ambayo sikuiona mpaka nilipokuwa nimekwisha kuusikia mara nyingi, ni kwamba Umar hakuzungumza habari ya mtu na nafsi yake. Alizungumza habari ya mchunga na wanyama wasiojichagulia bonde. Mwenye kujitegemeza kwa Mungu juu ya uhai wake mwenyewe huenda akawa walii. Mwenye kumtegemea Mungu juu ya uhai wa mtu aliyemzuia kuondoka, ili asinunue taa, sijui aitweje, lakini jina la tawakali hastahili kulitumia.

Sheria za siku hizi, kwa mwendo wake wa polepole, zimefika karibu na maneno ya yule bibi. Mwaka 1981 Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake wa 155, lilitamka kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa kuwa ana sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu kwa uhai au afya yake, alindwe asipatwe na madhara kwa kuondoka huko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 imeliingiza jambo hilo katika kifungu cha 14, kwa kukataza mtu kulazimishwa arudi mahali ambapo hatari ya namna hiyo ingali ikiendelea, na kukataza asifukuzwe kwa kuwa ameondoka. Kisha katika Juni 2019, Shirika lile lilipotimiza miaka mia moja, ukapitishwa Geneva mkataba wa 190, ambao kwa mara ya kwanza uliutaja ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi kwa jina lake, ukawataka waajiri wazitazame hatari hizo mapema na kuzizuia, kila mmoja kwa kadiri ya mamlaka aliyo nayo. Maneno hayo ya mwisho yamewaudhi watu wawili: mwajiri aonaye kwamba ametwishwa ulinzi wa dunia nzima, na mtetezi wa wafanyakazi aonaye kwamba mwajiri ameachiwa mwanya. Mimi nayaona kuwa maneno ya haki, maana mamlaka ndiyo kipimo cha kile alichokinunua. Aliyenunua kukaa kwa mtu usiku kucha penye giza anadaiwa zaidi ya aliyenunua saa yake moja mchana.

Lakini haki ya kuondoka nayo ina bei, na wanaoilipa si sikuzote waajiri. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilisimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab, wakauawa abiria 28, na wengi katika hao walikuwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Walimu wengi walikataa kurudi kaskazini mwaka uliofuata. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa, na baada ya hapo Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji wa sehemu zile. Nani atawalaumu walioondoka? Na nani atawalaumu wazazi waliowaona watoto wao wameketi madarasani bila ya mwalimu, wakauliza kama mtoto wa Garissa si raia wa Kenya? Nimelifikiri jambo hili kwa siku nyingi, na siwezi kulifunga kwa hukumu moja. Ninaloweza kusema ni kwamba mwajiri ambaye hakuweza kumlinda mwalimu hakuwa na haki ya kumbakiza, na kwamba deni la mtoto aliyekosa somo halikuhamia kwa mwalimu aliyekimbia. Lilibaki pale pale lilipokuwa, kwa serikali ambayo ilikuwa mwajiri wa mmoja na mlinzi wa wote wawili. Mwalimu aliyechagua kubaki alifanya jambo la kishujaa. Ushujaa, hata hivyo, ni zawadi atoayo mtu. Ukitiwa katika masharti ya kazi umekwisha kuwa dhuluma.

Na mpaka wa dhamana uko, wala sipendi kuuficha. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilimwondolea lawama mwajiri ambaye mtu wake alivamiwa na kuumizwa vibaya alipokuwa akileta fedha za mishahara kutoka benki, kwa sababu mwajiri alikwisha kuwaagiza watumishi wake wabadili njia na wabadili mwendaji, nao, kama tulivyo wanadamu, wakaizoea njia moja. Hukumu hiyo naifahamu. Hata hivyo najua kwamba agizo lisilofuatiliwa hufanana mno na ahadi ya taa.

Sasa yapasa niseme lile ambalo nimelichelewesha. Tunapotamka neno mwajiri, aghalabu macho yetu huenda kwenye kiwanda, ghala na serikali. Lakini waajiri walio wengi katika miji yetu hawana kiwanda wala ghala, wana nyumba, na ndani ya nyumba yumo binti aliyeletwa kutoka shamba kufua, kupika na kulea. Kwake yeye mahali pa kazi na mahali pa kulala ni pamoja, saa za kazi hazina mwisho unaojulikana, na mkaguzi wa serikali hapigi hodi. Hatari yake haiji kwa kuruka ukuta. Huja ikiwa ni mgeni aliyelala sebuleni, au ndugu wa mke, au mwana wa nyumba aliyerudi usiku, au bwana mwenyewe. Mtume wa Uislamu amewafundisha mabwana kwamba walio chini ya mikono yao ni ndugu zao, na mafundisho hayo twayajua sote, twayasikia kila mwaka juu ya mimbari. Tumeyachukua katika chakula na nguo, tukadhani yameishia hapo. Shirika la Kazi Duniani lilipotunga mwaka 2011 mkataba wa 189 wa wafanyakazi wa nyumbani, lilifuatanisha nao pendekezo la 201, na ndani ya pendekezo hilo, katikati ya mambo ya mishahara na mapumziko, yamo maneno machache ambayo yalinisimamisha nilipoyasoma: kwamba mfanyakazi akaaye katika nyumba ya mwajiri apewe chumba chake chenye kufungwa, na ufunguo akabidhiwe yeye.

Jana alasiri, nikiwa nimekwisha kuandika yote yaliyotangulia, nilikwenda kukitazama chumba cha binti anayetusaidia kazi hapa nyumbani kwangu, ambaye amekaa nasi miezi saba, chumba ambacho kabla yake kilikuwa stoo. Mlango ni mzima. Kwa upande wa nje una kitasa cha kufungia, kama stoo zote zilivyo. Kwa upande wa ndani pana matundu manne ya misumari mahali palipokuwa na kitu zamani. Nilimwuliza binti kama amepata kuhitaji kujifungia usiku. Alitazama chini kwa muda, kisha akaniambia, "Huegemeza ndoo ya maji, baba." Sikuwa na ujasiri wa kumwuliza tangu lini, wala ni kwa sababu ya nani. Mama wa nyumba atakwenda kuketi naye leo jioni, na atakayoyasikia tutayafuata yatakapotupeleka, hata yakitupeleka kwa wa damu yetu. Asubuhi hii fundi seremala amekuja. Ameniuliza komeo lipigwe ndani au nje, nimemwambia ndani, na kile kitasa cha nje aking'oe.